Chupa ya Ganzi Niliyompa Kioko

Mgonjwa wa macho akiingia mlangoni, kabla hajataja jina lake, atasugua jicho. Mshike mkono. Usimhutubie kuhusu vijidudu wala usimwonyeshe picha iliyobandikwa ukutani. Mshike mkono tu, uuweke juu ya goti lake, halafu umuulize habari za nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya msaidizi wa macho, na haimo katika vitabu mlivyopewa. Nimevisoma. Ni vitabu vizuri na vina picha za rangi.

Jina langu ni Nekesa, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa mama yangu kule Bungoma. Kliniki nzima iliniita Sista. Sikuwa mtawa wala muuguzi, lakini Kibera ukiwa mwanamke na umevaa koti jeupe, wewe ni sista, na ukibishana unachelewesha foleni. Nimestaafu mwaka huu. Msichana anayesimamia mafunzo yenu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kukunja pamba na leo ana ofisi yenye mlango, ameniomba niwaandikie kurasa chache za kuwatia moyo. Nimemwambia moyo mtautafuta wenyewe. Mimi nitawaeleza nilivyokosea, maana hilo nalijua vizuri zaidi.

Niliingia kliniki ile ya Makina, hapo Kibera, nikiwa mfagiaji. Nilifagia miaka minne. Mfagiaji huona mengi kwa sababu hakuna anayemficha kitu. Siku moja mpimaji hakuja kazini, foleni ikatoka nje hadi kwenye mtaro, na Mzee Ramadhani akatoka kuona kelele ni za nini. Akanikuta nimeinama mbele ya bibi mmoja nikimwonyesha namna ya kuziba jicho kwa kiganja badala ya vidole. Mtu akiziba kwa vidole huchungulia katikati. Si wizi, ni mkono tu unaopenda kumsaidia mwenyewe. Mzee akaniangalia mimi, akaiangalia ndoo.

"Weka hiyo ndoo chini," akasema. "Kaoshe mikono. Mpaka kwenye kiwiko."

Hivyo ndivyo nilivyoingia mafunzoni. Hakuna barua niliyoandika wala mahojiano niliyofanyiwa, kwa hiyo mkinisikia nikilalamika kwamba siku hizi mnajaza fomu nyingi, jueni ni wivu.

Mzee Ramadhani alikuwa tabibu wa macho. Alikuwa Mnubi wa Makina hapohapo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi tuliotoka magharibi au Ukambani, tena hakukipoteza kwa kutusifu. Kila asubuhi alitukagua kucha, kisha akatunusa mikono. Ndiyo, alitunusa. Mimi niliona ni dharau mpaka siku nilipokula mhogo wa kukaanga pale nje saa ya chakula, ule wenye ndimu na pilipili, nikajifuta kwa aproni, nikarudi kazini kumpindulia seremala mmoja ukope ili nitafute kibanzi cha ubao. Yule mtu aliruka mpaka akagonga trei.

"Huyu sista amekula mhogo!" akaitangazia foleni nzima. "Na ameweka pilipili mingi!"

Watu walicheka hadi mtaani. Mzee Ramadhani alimwosha seremala jicho kwa maji ya chumvi, taratibu, chupa nzima. Alipomaliza akaniambia, "Kesho uje na uji." Nilikunywa uji mwezi mzima.

Kosa jingine la mwanafunzi ni kuiamini foleni. Zamani chati yetu ilikuwa ni herufi E tupu, miguu yake imetazama pande nne, na mgonjwa huonyesha kwa mkono miguu inaelekea wapi. Alikuja mtu mmoja kutoka kijiji cha Raila, humohumo Kibera, alitaka barua apate kazi ya ulinzi. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi akisikiliza wenzake wakipimwa. Zamu yake ilipofika aliitiririsha mistari yote bila kukosea: juu, kulia, chini, kulia, kushoto. Niliona kitu kimoja tu, kwamba hakukunja uso hata kidogo, na anayesoma mstari wa mwisho lazima akunje uso. Nikaenda nikaipindua chati juu chini. Akaanza tena wimbo uleule.

"Sista, umepindua mtihani!" akanilalamikia nilipomwambia nimeipindua.

Kumbe hakuona zaidi ya mstari wa pili. Alipata miwani, na baadaye kazi pia akapata. Nyinyi mna chati kwenye simu inayojigeuza yenyewe, na ninaipenda. Lakini bado mwangalieni mtu usoni anaposoma.

Sasa matone. Mwambie mgonjwa atazame juu. Vuta ngozi ya chini ya jicho mpaka pawe na kijimfuko, na tone liingie mfukoni humo. Usiliangushe katikati ya jicho, atashtuka na hatakuamini tena. Mdomo wa chupa usiguse kope, ukigusa chupa hiyo si yako tena, ni ya mgonjwa huyo na vidudu vyake. Kisha afumbe jicho na abonyeze pembeni karibu na pua, wewe ukihesabu polepole mpaka sitini. Wanafunzi huhesabu mpaka kumi na tano. Nawajua.

Katika trei yenu kuna chupa moja ndogo nataka muiangalie kwa makini. Ni dawa ya ganzi. Tone moja, na baada ya nusu dakika jicho halisikii chochote. Tunaitumia kupima presha ya jicho, au kutoa chembe ya chuma. Mgonjwa aliyeingia akilia huinuka akikubariki wewe na watoto wako. Hapo ndipo penye hatari. Jicho likichunika, ile sehemu angavu ya mbele tunayoiita kioo cha jicho hujitengeneza yenyewe kwa siku moja au mbili. Dawa ya ganzi ikirudiwarudiwa inazuia kupona huko. Jicho linaendelea kuoza na mwenyewe hajui, kwa sababu haliumi.

Mzee Ramadhani alitufundisha hilo siku ya Jumatatu. Aliinua chupa ile juu tuione sote. "Hii hailali kwa mgonjwa," akasema. "Tone ni la hapa kitini. Chupa haitoki mlangoni, hata kama mgonjwa ni mama yako." Niliandika maneno hayo daftarini. Daftari ninalo mpaka leo.

Kila Alhamisi kliniki yetu ilikuwa na chumba Kawangware, pale kituo cha Forty-six, chumba cha mabati tulichokodishiwa nyuma ya duka la mbao. Mimi nilikuwa natangulia asubuhi peke yangu kupima, kusafisha macho na kuandika majina, na Mzee anakuja mchana, akipata nafasi. Kutoa dawa ya kwenda nayo nyumbani nilikuwa naruhusiwa moja tu, ile ya kupaka ya kuzuia vidudu. Ng'ambo ya njia kulikuwa na safu ya vibanda vya mafundi wa kuchomelea vyuma. Walikuwa watano na kinyago kimoja cha uso. Mwenye kazi kubwa ndiye aliyekivaa, wengine walivaa miwani ya jua, au walifumba macho na kubahatisha. Fundi aliyeangalia ule moto bila kinga hasikii kitu mchana. Jioni macho yanaanza kuwasha, na baadaye ni kama yametiwa mchanga. Wake zao waliwabandika vipande vya viazi mbatata juu ya macho, na sitawacheka, kwa sababu viazi vina ubaridi na havijamharibu mtu.

Kioko alikuwa mmoja wa hao watano. Mtu wa Machakos, umri wa kama miaka thelathini, mzungumzaji, anayejulikana kwa mageti yenye maua ya chuma. Alhamisi moja, siku ya tatu tu baada ya somo la Jumatatu, alikuja ameshikwa mkono, taulo usoni, viazi vikianguka njiani. Nilimtia tone la ganzi ili aweze kufungua macho, na hilo lilikuwa halali. Akafungua. Akacheka kwa sauti.

"Wee! Sista, imeisha! Imeisha kabisa!"

"Haijaisha. Imelala tu. Nenda nyumbani, paka hii dawa, fumba macho siku mbili."

"Siku mbili siwezi. Niko na geti ya kanisa, wanafungua Jumapili. Nipe tu hiyo kitu kidogo. Ikianza kuuma naongeza."

"Hairuhusiwi."

"Kwani ni sumu?"

"Si sumu."

"Sasa?"

Nilikiangalia kile kichupa. Kilikuwa na matone kama kumi. Sheria yetu ilikuwa kwamba chupa iliyofunguliwa hutupwa jioni, hata ikiwa nusu. Mimi nimelelewa nyumba ambayo mafuta ya kukaangia yalirudishwa kwenye mkebe yatumike kesho na kesho kutwa, na kumwaga dawa inayofanya kazi kuliniuma kila Alhamisi. Someni hapa polepole. Sikumpa kwa kutojua. Nilimpa kwa sababu nilimwonea huruma, kwa sababu alinisihi, na kwa sababu chupa ilikuwa inakwenda kutupwa. Sababu zote tatu bado naziona za kibinadamu, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

Nikaifunga kwenye karatasi. "Ni ya usiku tu," nikamwambia. "Ikiisha, basi." Kwenye kitabu cha wagonjwa nikaandika: amesafishwa, amepewa ya kupaka. Chupa sikuiandika.

Geti la kanisa lilikamilika Jumamosi. Bado lipo, lina maua mawili makubwa na msalaba katikati.

Alhamisi iliyofuata Kioko hakuja, nikachukua kuwa ni habari njema. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilikuwa nimekwenda zangu, lakini Alhamisi ya pili shukrani zikanifuata. Alikuja Mama Mwende, aliyeuza chai na chapati mbele ya vile vibanda, na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti.

"Sista, hizi ni zako. Hiyo dawa yako ni moto! Mafundi wote wanatumia. Hata mimi moshi ikinisumbua naweka tone moja, nasahau."

"Dawa gani?"

"Si ile ulipea Kioko."

"Mama Mwende, ile ilikuwa na matone kumi."

"Hiyo iliisha kitambo. Walibeba chupa kwa duka ya dawa, wakaonyesha, wakauziwa ingine. Sahii wanajua jina, hata hawahitaji kukusumbua."

Niliogopa, tena niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe kwanza, halafu kwa ajili ya mafundi. Nayaandika kwa utaratibu huo kwa sababu ndivyo yalivyokuja. Nilikuwa nimedhani nimempa mtu mmoja matone kumi. Kumbe nilikuwa nimewapa mtaa mzima jina la dawa.

Nikafunga chumba, nikachukua tochi na zile karatasi zetu za rangi ya chungwa, nikavuka njia na Mama Mwende. Chupa ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ndani ya pakiti ya maziwa, ubavuni mwa kile kinyago. Walichokuwa nacho walikigawana, ndivyo walivyoishi, na mimi nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote kwa kuwa niliwaona kila wiki. Nikaitwaa. Walinikasirikia.

"Sista, hiyo tumenunua na pesa yetu!"

"Najua. Kaeni chini niwaangalie macho."

Ile karatasi ukiigusisha kwenye jicho, rangi yake huenea, na ukimulika kwa mwanga wa bluu kila palipochunika panang'aa kijani. Mafundi wanne walikuwa na michubuko midogo. Mama Mwende hakuwa na kitu. Wa mwisho alikuwa Kioko, aliyekuwa nyuma kabisa ya kibanda akiunga bawaba, kitambaa kimefungwa juu ya jicho la kulia.

"Hii haiumi ata kidogo," akaniambia akikifungua. "Wiki ya kwanza ndio ilikuwa inauma. Sahii ni ka kaukungu tu."

Katikati ya kioo cha jicho palikuwa na doa jeupe, na pete nyeupe imelizunguka. Sikuhitaji karatasi. Niliitumia hata hivyo, ili mikono yangu iwe na kazi, na jicho lote likawaka kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Kioko alikuwa ananitabasamia. Sijawahi kumwogopa mgonjwa anayelia kama nilivyomwogopa huyo aliyekuwa hasikii maumivu.

Tulifika Makina saa nane mchana. Mzee Ramadhani akamkalisha kwenye mashine, akamwangalia muda mrefu.

"Umetumia dawa gani?"

Kioko akatoa mfukoni ile ya kupaka.

"Na nyingine?"

Kioko akanitazama kwa jicho lake zima. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sinki, trei mkononi.

"Nilinunua ya ganzi kwa chemist, mzee. Juzi tu."

"Nani alikwambia ununue?"

"Hakuna mtu. Ni mimi mwenyewe."

Alikuwa amenifungulia mlango, nami nikapita. Nilinyamaza. Zilikuwa zimebaki wiki saba nifanye mtihani, na nilichokuwa nakiona mbele yangu ni ile ndoo. Kwa kuwa Mzee alisikia "juzi", alihesabu kwamba ni kidonda cha vidudu, na ganzi ni jambo la siku mbili. Akampa matone makali ya kutia kila saa, akamwambia arudi asubuhi. Angejua ni wiki mbili, angempeleka hospitali kubwa jioni ileile na asingemwacha peke yake na mifuko yake. Kwa sababu Kioko alikuwa na chupa nyingine nyumbani. Maumivu yaliporudi, akaitumia.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa. Nilimkuta Mzee Ramadhani na kanzu yake ya Ijumaa, akifungua kufuli la kliniki. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, na yote yakapotea.

"Mzee, chupa ya kwanza nilimpa mimi. Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi."

Aliacha kufuli likining'inia.

"Nilikuwa nimekufundisha?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jumatatu yake."

Sijui nilitarajia nini. Hakupaza sauti. Kioko alipofika, jicho likiwa limezidi kuliko jana, Mzee aliandika barua kwa mkono wake, akaenda naye mwenyewe mpaka hospitali kubwa, na siku hiyo hakuwahi msikitini. Kabla hajaondoka alinifungulia kitabu cha wagonjwa kwenye ukurasa wa ile Alhamisi, akanipa kalamu, akanionyesha mstari. Nikaandika nilichompa Kioko. Kisha akaniambia kazi yangu ya asubuhi hiyo: sakafu.

Hakunifukuza. Alinirudishia ndoo. Nilifagia miezi mitatu mbele ya wanafunzi wenzangu, mtihani ukapita, wao wakavaa beji. Wagonjwa waliniuliza, "Sista, umerudi kwa mopu?" nikawajibu kwamba sakafu ilinikumbuka. Nilikuwa na aibu mpaka nikawa napita njia ya nyuma. Siku moja akaja akasimama mbele yangu, akainusa mikono yangu kama zamani, akasema kesho nianze tena pale nilipoachia. Sikulia mbele yake. Nililia jikoni.

Kioko alikaa wodini wiki tano. Jicho halikutolewa, na hilo lilikuwa bahati, lakini kovu lilibaki jeupe katikati. Jicho la kulia linaona mkono ukipita mbele yake, basi. Aliwekwa kwenye orodha ya wanaongoja kubadilishiwa kioo, akangoja, kisha akachoka kungoja. Nilimuuliza Mzee Ramadhani mara mbili, miaka tofauti, kama ile siku moja niliyonyamaza ndiyo iliyoharibu jicho. Mara zote mbili alisema hakuna ajuaye. Sikuona kama alisema hivyo kunifariji.

Mnaweza kufikiri Kioko alinichukia. Mambo yalikuwa kinyume, na ndiyo yaliyonisumbua. Alirudi kwenye mageti yake, akahakikisha kila fundi wa safu ile ana kinyago chake. Kila mwaka alikuja kupimwa jicho lililobaki, na hakukubali kupimwa na mtu mwingine. Kwenye benchi aliwaambia watu, "Huyu alinifuata mpaka Forty-six, nikiwa sijui naumwa. Bila huyu ningeoza." Na kama alikuwapo anayeijua habari ya chupa, kwa sababu Kawangware hakuna siri, alimjibu haraka: "Alikuwa anajifunza tu. Hangejua." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, mimi niko ndani na mlango uko wazi. Nilimwacha aseme. Nilimwacha zaidi ya miaka ishirini.

Kabla sijamaliza niwape ujuzi mmoja, maana mtaombwa ile chupa kama nilivyoombwa, tena na watu mnaowapenda. Kukataa kuna namna yake. Usiseme "hairuhusiwi", hilo ni neno la askari wa getini, na watu wetu wamezoea kuwapita askari wa getini. Mpe saa. Mwambie: itauma leo usiku kuliko sasa, kesho asubuhi itapungua, kesho kutwa saa ya chai utakuwa umesahau. Mpe vidonge vya maumivu, mzibe jicho, mweleze nani atamshika mkono akienda chooni. Mtu huvumilia uchungu akijua unaisha lini. Atakutukana kidogo. Mwache akutukane, halafu andika kitabuni ulichompa na ulichomnyima.

Wiki yangu ya mwisho kazini Kioko alikuja kama kawaida. Ana mvi sasa, na miwani. Nikampima jicho la kushoto, liko sawa, nikamwambia. Kisha nikafunga mlango, jambo ambalo sikuwa nalifanya.

"Kioko, ile siku ya geti ya kanisa. Wewe huwaambia watu sikujua."

"Si ulikuwa unajifunza bado."

"Nilijua. Tulifundishwa Jumatatu, wewe ukaja Alhamisi. Nilijua inaweza kukuharibia jicho, na nikakupa. Na siku ile ulinificha kwa Mzee, nikanyamaza."

Alivua miwani, akaishika mikononi, akawa anaikunja na kuikunjua. Nilitamani apige kelele. Kuna mtu alikohoa kule nje kwenye benchi.

"Miaka yote hii nakutetea," akasema.

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

Akarudisha miwani usoni, akasimama, akashika kitasa cha mlango. Hakuwa na hasira sautini. Alisema kama mtu anayenieleza namna ya kupima geti.

"Sista, si ungenikatalia tu. Ningekasirika na wewe, niende nilale, niamke nikiona."

Nikamwambia ni kweli.